Ganda Lililosimama Wima

Rosa Kiden alitaka jambo moja tu kabla ya kufa: mumewe atangulie kuzikwa. Aliniambia hivyo siku niliyofika nyumbani kwake Koboko, huku akimenya muhogo na miguu yake iliyovimba ameinyoosha juani.

"Mimi nikitangulia," alisema, "nitafika huko, yeye hayuko. Na huku pia hayuko. Sasa mimi nitakaa wapi, mwanangu?"

Ilikuwa Juni 1991. Nilikuwa nimetoka Makerere kwa likizo ndefu, nikikusanya masimulizi ya vita vya mwaka 1980 katika wilaya zetu, kwa kuwa niliamini, na bado naamini, kwamba watu wasioandika mambo yao wenyewe huandikiwa na wale waliowafukuza. Mimi ni Mlugbara wa Mvara, pale Arua. Rosa ni Mkakwa. Lugha iliyotukutanisha ilikuwa Kiswahili cha kwetu, kile kilicholetwa na kambi za jeshi na malori ya biashara, ambacho hakisumbuki sana na ngeli ilimradi watu waelewane. Alinipa kitanda. Yeye mwenyewe alilala sakafuni juu ya mkeka, hakugusa nyama, na kiunoni alifunga uzi wa gome la mti, alama ya mjane ambaye msiba wake haujafungwa. Aliufunga tangu wakiwa ukimbizini Zaire. Daktari alikwisha kumwambia kwamba moyo wake umechoka.

Mumewe, Kasimiro, alikuwa mpiga mzinga katika jeshi la zamani. Serikali ya kijeshi ya wakati huo ilipoanguka mwaka 1979 alirudi nyumbani, akavua sare, akalima karanga. Oktoba ya mwaka uliofuata wenzake walivuka mpaka kwa silaha, wakamkuta shambani, wakamwambia kwamba wana mzinga na hawana mtu wa kuulenga. Aliondoka nao. Walipigana siku nzima kwenye kilima kilicho juu ya nyumba. Kesho yake kilima kilikuwa mikononi mwa upande wa pili, jeshi la serikali mpya, ambao nao uliweka mizinga yake palepale, na watu wote wa Koboko walikuwa njiani kuelekea Zaire na Sudan. Kasimiro hakuonekana tena, akiwa hai wala maiti.

Familia iliporudi miaka sita baadaye, pori lilikuwa limemeza kila kitu. Walichoma nyasi ili wapate pa kulima. Moto ulipopita juu ya kilima uliacha duara moja la majani mabichi, na katikati ya duara hilo lilikuwa ganda la shaba la mzinga, refu kama mguu wa mtoto, limesimama wima na mdomo wake umeelekea juu.

Kwao, mtu akifia mahali pasipojulikana, huzikwa kitu cha mwisho ambacho mikono yake ilikigusa. Rosa alitaka ganda lile lizikwe kama Kasimiro. Yakani, mdogo wa Kasimiro na mwangalizi wa makaburi ya ukoo, alikataa.

"Sikiliza, profesa," aliniambia Yakani, ambaye tangu siku ya kwanza alinipandisha cheo kwa kejeli. "Kama hii kitu iko ya Kasimiro, mimi mwenyewe nitachimba. Lakini kama iko ya wale waliomuua? Unataka nichukue muuaji, nimlaze karibu na baba yangu, nimfunike vizuri asipate baridi?"

"Na hiyo kikohozi iko ya nani?" aliuliza Rosa.

"Chuma haikohoi, shemeji."

"Wewe hukai nayo."

Ganda lilikuwa limewekwa kando ya ghala la mtama, lile la miguu ya miti, upande wa nyuma wa nyumba. Kuku wa Rosa walichakura kila mahali isipokuwa pale. Siku ya tatu ya kukaa kwangu, saa ambayo jua husimama utosini na hata majani ya muhogo hayatikisiki, nilikuwa nimekaa mlangoni nikinakili maelezo yangu niliposikia mtu akikohoa nyuma ya nyumba. Kilikuwa kikohozi cha mvuta tumbaku, kizito, kinachoanzia mbali na kuishia kwa mkwaruzo. Rosa, aliyekuwa akipepeta karanga, hakuinua kichwa.

"Pole, baba," alisema kwa sauti ya kawaida, akaendelea kupepeta.

Niliinuka nikaenda. Hapakuwa na mtu. Nilijieleza kwamba shaba hutanuka ikipata joto, na kitu chenye mdomo mwembamba huweza kutoa sauti. Kisha niliweka kiganja changu juu ya ganda lile lililokuwa likipigwa na jua pembeni mwa kivuli cha ghala. Lilikuwa baridi kama mtungi uliotoka kisimani. Nilikiondoa kiganja upesi kuliko nilivyokusudia.

Jioni hiyo nilimwambia Yakani kwamba nitatafuta asili ya ganda. Nilisema kwa uhakika ambao sasa unanishangaza: kila silaha ina kiwanda, kila kiwanda hupiga chapa, na chapa haina upande. Yakani alikubali. Ikionekana kwamba ni la mzinga wa Kasimiro, atachimba kaburi; ikionekana kwamba ni la wale wengine, Rosa ataliacha litupwe mtoni na hatalitaja tena. Rosa alikubali pia, lakini alikuwa akiushika uzi wa kiunoni mwake alipokubali.

Chini ya kitako kulikuwa na tarakimu, herufi ambazo si zetu, na nyota ndogo. Niliweka karatasi juu yake nikasugua penseli mpaka chapa yote ikajitokeza, kisha nikapanda lori la tumbaku kwenda Arua.

Wanajeshi wengi wa zamani waliokuwa wamerudi waliishi mtaa wa Awindiri. Nilizunguka kutoka nyumba hadi nyumba, na kila niliyemuuliza kuhusu mizinga alinielekeza kwa mtu yule yule: Asumani, muuza samaki wakavu sokoni. Nilimkuta nyuma ya rundo la samaki wa Panyimur, mtu mnene mwenye kofia ya kufuma iliyovutwa hadi masikioni, akibishana na mteja.

"Samaki yako inanuka, mzee," mteja alikuwa akisema.

"Inanuka samaki. Ingenuka sabuni ungeogopa."

Mteja alipokwenda zake nilimsalimu, nikamweleza kwamba kuna mama mjane Koboko ambaye mumewe alikuwa mpiga mzinga, kwamba limepatikana ganda, na kwamba tunataka kujua lilitoka upande gani. Nikampa karatasi. Aliitazama mara moja akacheka.

"Dada, kiwanda iko moja. Sisi tulinunua kwao, na wale pia walinunua kwao. Ni kama wewe na mke mwenzako munanunua chumvi kwa duka moja, halafu munaniletea mchuzi munauliza hii chumvi iko ya nani."

"Sina mke mwenza, mzee."

"Bado. Maliza chuo kwanza."

Nilihisi uzito wa safari nzima ukiniangukia. Nilikuwa nimemwahidi Rosa chapa itakayosema, na chapa ilikuwa bubu. Nilianza kukunja karatasi. Asumani alikuwa akipanga samaki wake, na bila kunitazama aliuliza, "Ilikuwa imelala au imesimama?"

"Imesimama. Mdomo juu."

Mikono yake iliacha kupanga. "Ndani iko nini?"

"Udongo. Hatujautoa."

"Musitoe."

Alijifuta viganja kwa kitambaa, kidole kimoja baada ya kingine, kisha akaniashiria nikae kwenye gunia. Alizungumza kwa sauti ya chini. Katika kikosi chao cha mizinga, alisema, asubuhi ya vita watu walinyoana vichwa. Ganda la kwanza likishatoka, walilisimamisha nyuma ya mzinga, na kila mmoja alitia ndani nywele zake zilizonyolewa. Mzinga ulipaswa kuwajua watu wake, usipasuke mikononi mwao. Upande wa pili hawakuwa na desturi hiyo. Maganda yao yalilala popote yalipoanguka.

"Sheikh angesikia angenifukuza msikitini," alisema. "Lakini sheikh hakukaa karibu na mzinga."

"Na ganda lile likianguka?"

"Unasimamisha haraka. Ikilala, watu yake pia watalala."

Huu ndio ushahidi nilioutafuta: ganda lililosimama haliwezi kuwa la wale wengine, na ndani yake kuna nywele. Nilimshukuru, nikasimama, nikamwambia kwamba Yakani atapaswa kukubali sasa.

"Mwambie huyo mama," alisema Asumani, "Kasimiro alikuwa mutu mzuri."

Nilikuwa sijamtajia jina la Kasimiro. Aliliona hilo usoni mwangu kabla sijasema neno, akageuza macho yake kwenye samaki.

"Ulikuwepo," nilisema.

"Tulikuwa watano kwa hiyo mzinga. Nimebaki mimi."

"Basi twende Koboko, mzee. Yakani atakuamini wewe kuliko karatasi yangu."

"Hukunisikia. Nywele yangu iko ndani. Mukizika hiyo kitu, munanizika."

Nilimweleza yote: moyo wa Rosa uliochoka, mkeka wake, hofu yake ya kufika asikokuwepo mumewe. Nilimwambia kwamba ukweli hauwezi kumdhuru mtu aliyeusema. Alinisikiliza kwa upole, kama mtu anayemsikiliza mtoto akisoma shairi, akanifungia samaki wawili bila kunidai, na akasema hatakuja.

Alikuja baada ya wiki moja. Tulimwona akipanda njia ya shamba kwa miguu, mchana, kofia yake ile ile kichwani na furushi la samaki begani, akitembea kando kando ya njia kana kwamba katikati pamejaa. Rosa alimtazama akikaribia.

"Huyu iko nani?"

"Ni mzee Asumani, mama. Yule niliyekuambia."

Rosa alimkaribisha kiti, akampa maji. Asumani alikunywa, akauliza hali ya miguu, akasifu karanga. Yakani alifika kutoka shambani na jembe lake, nao wakasalimiana kwa Kikakwa, kisha kwa ajili yangu wakarudi kwenye Kiswahili. Ndipo kikohozi kikatoka nyuma ya nyumba.

Yakani aliyesema chuma haikohoi alikisikia. Nilimwona akiweka jembe chini taratibu. Asumani alifumba macho.

"Bado anavuta," alisema.

Tulikwenda nyuma ya ghala sote wanne. Asumani alipiga magoti, akalitazama ganda kwa muda bila kuligusa, kisha akaanza kuutoa udongo kwa kijiti. Juu ulikuwa mgumu na mkavu. Kadiri alivyoshuka ulilainika, ukawa mweusi na wenye majimaji, kama udongo uliogeuzwa asubuhi ileile. Kijiti kilinasa. Alikizungusha, akavuta.

Nywele za askari aliyenyolewa hazifiki hata urefu wa ukucha. Zilizotoka mle zilikuwa mkia mmoja, uliosokotwa kwa kubana kuliko ambavyo mkono wowote wa msusi ungeweza, na alipoendelea kuvuta ulizidi kuja. Ulipokwisha ulikuwa mrefu kama mkono wangu kutoka begani hadi kiganjani. Ulikuwa safi, unang'aa, haukuwa na chembe ya udongo. Katika weusi wake wote mlipita nywele nyeupe chache, kutoka mwanzo hadi mwisho.

Yakani aligeuka, akaenda akasimama akitazama upande wa mpaka. Kasimiro alipokuwa mtoto alianguka juu ya jiwe la kusagia, na juu ya kipaji chake, pale penye kovu, nywele ziliota nyeupe. Rosa hakuhitaji kuambiwa. Alizifuata zile nyeupe kwa ncha ya kidole bila kuzigusa, hewani tu.

"Zimeota," nilisema.

"Zote," alisema Asumani, akavua kofia yake. Kichwa chake kilikuwa laini kama ndani ya kibuyu. Hapakuwa na hata kivuli cha nywele, si utosini, si kisogoni. "Tangu hiyo asubuhi, wembe haijanigusa. Zangu zinaota huko."

Yakani alirudi. Macho yake yalikuwa mekundu. "Iko ya Kasimiro," alisema. "Nitachimba leo."

"Hapana," alisema Rosa.

Sote tulimtazama. Alikuwa amekaa chini, miguu yake mbele yake, na pumzi yake ilikuwa fupi. "Huyu mutu iko hai. Amekunywa maji yangu. Siwezi kumzika yeye ili mimi nipumzike. Toeni ya kwake kwanza."

Tulijaribu. Nilijaribu mimi, kwa sindano na kwa kucha, na kila nilipoitenga nywele moja ilirudi mahali pake mara nilipoiachia. Weusi ulikuwa mmoja. Kisu cha Yakani kiliteleza juu ya msokoto bila kukata hata unywele. Nilikaa nikiwa na aibu ya mtu aliyetafuta jibu, akalipata, na jibu lenyewe likamziba njia yule aliyelihitaji.

"Mama Rosa," alisema Asumani hatimaye, "mimi sijakuambia namna alivyobaki." Alikuwa ameishika kofia kwa mikono miwili. "Tulipiga la kwanza. Wale wakajibu. Ardhi iliruka, hii ganda ikaanguka. Wengine walikuwa wameshalala. Mimi nilikimbia. Nilipofika kwa mawe nikageuka, nikamwona Kasimiro anatambaa. Nilifikiri anatafuta njia. Lakini alikuwa anafuata ganda. Akalisimamisha. Akashikilia hivi, kwa mikono mbili, mpaka moshi ilipofunika. Ndiyo mimi iko hapa nauza samaki."

Kuku mmoja alikaribia ukingo wa kivuli cha ghala, akasimama, akarudi.

"Kwa hiyo ndiyo kitu ya mwisho aliyoshika," alisema Rosa.

"Ndiyo, mama. Zika. Mimi nilimwachia kichwa yangu miaka yote hiyo aibebe peke yake."

Yakani na vijana wa ukoo walichimba asubuhi iliyofuata, baada ya katekista kusoma sala. Shimo halikuwa kubwa. Asumani alikaa kwenye mkeka wa waombolezaji pamoja na ndugu wa marehemu, kwa kuwa Rosa alisema ndipo mahali pake. Kabla ya kuanza, Rosa alimwinamia akamweleza jambo moja: mtu aliyefia mbali huitwa kwa jina juu ya shimo, ili aje kutoka alipo na alale. Wenye nywele zao mle wangeitwa wote, maana nao hawakuwa na mtu wa kuwaita. Jina lake lingekuwamo pia. Haliwezi kuachwa, msokoto ni mmoja.

"Ukisikia jina yako, usiitike," alisema. "Hata kwa kichwa."

Waliliteremsha ganda likiwa wima, na msokoto umerudishwa ndani. Rosa aliita mwenyewe la kwanza. "Kasimiro." Hakulia, aliita kama mtu anayemwita mwenziwe aje ale chakula kabla hakijapoa. Upepo haukuwepo. Wanawake walipokea, kwa majina waliyopewa na Asumani: "Kenyi." Wakangoja. "Jada." Wakangoja. "Lokule." Hakuna kilichojibu, na hivyo ndivyo inavyotakiwa, kwa kuwa aliyefika hana haja ya kuitika.

"Asumani."

Nilikuwa nimekaa ubavuni pake. Alikuwa ameubana mdomo wake kwa kiganja, na kiganja cha pili juu ya kile cha kwanza, na macho yake yalikuwa makavu, yamemtoka.

"Naam," ilisema sauti kutoka ndani ya shimo.

Ilikuwa sauti yake, ile niliyoisikia sokoni, yenye mzaha kidogo pembeni. Katekista alishika msalaba wake. Mimi niliyefunzwa kuandika kila ninachosikia nililifunga daftari langu. Rosa peke yake ndiye aliyesogea: alichota udongo kwa mikono yote miwili, akaumwaga shimoni bila haraka, na Yakani akafuata kwa koleo, na ikawa sauti ya udongo tu.

Mchana ule Rosa aliufungua uzi wa kiunoni, akautupa motoni. Aliomba mguu wa mbuzi. Alikula polepole, akitafuna kwa uangalifu, na alipomaliza alilala kitandani, kile nilichokuwa nikilalia mimi, akasinzia mdomo wazi hadi jua likapungua. Asumani alikuwa amekwisha kuondoka. Yakani alimsindikiza hadi barabarani, na aliporudi hakuniita profesa.

Septemba, siku chache kabla ya kurudi chuoni, nilipita sokoni Arua. Asumani alikuwa mahali pake, nyuma ya samaki wake, akifukuza nzi kwa gazeti.

"Mzee Asumani," nilimwita.

Hakugeuka. Nilifikiri kelele za soko zimenizidi, nikasogea nikaita tena, karibu na bega lake. Aliendelea kufukuza nzi.

"Hiyo jina haisikii siku hizi," alisema mama muuza simsim aliyekaa jirani yake. "Hata mke yake ameacha. Mwite Baba Samaki."

"Baba Samaki," nilisema.

Aligeuka mara moja, akafurahi, akanipisha kwenye gunia. Aliuliza habari za masomo, na kama nimepata mke mwenza. Kisha akauliza habari za Koboko.

"Analala kitandani," nilimwambia. "Miguu imepungua. Alinituma nitoe shukrani."

Aliacha kupepea. "Alikutuma kwa nani?"

Nilifungua mdomo kulitaja jina, na nikaona jinsi alivyokuwa akiutazama mdomo wangu.

"Kwako," nilisema.

Aliitikia kwa kichwa taratibu. Alipekua rundo mpaka chini, akachagua samaki mkubwa kuliko wote, akamfunga kwa gazeti na kukaza uzi vizuri, akanipa nimpelekee Mama Rosa.